Barua ya wazi kwa wasimamizi wa uwindaji na uvuvi: kanuni zenu zinaishia pale mnyama anapoanguka

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi na wajumbe wa bodi ya mamlaka inayosimamia uwindaji, uvuvi na uokotaji wa mazao ya msituni,

YAH: NYAMA INAYOOZA KWA KUFUATA KANUNI, NA MAMBO MENGINE MANNE

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma kwa barua pepe. Ya tatu niliiacha mapokezi, kwa kuwa niliambiwa anayehusika yuko kikaoni. Mpaka leo ule muhuri ndio jibu pekee nililopata. Sasa naandika hadharani. Sina nia ya kuwavunjia heshima, ila nimebisha hodi mara tatu na hakuna aliyeitikia karibu.

Mimi ni mwindaji mwenye leseni. Navua kwa mshipi, na mvua zikishika naingia msituni kutafuta uyoga. Siuzi kitu. Ninachopata kinaishia jikoni kwangu na kwa majirani wawili watatu. Nalisema hili mapema kwa sababu barua za namna hii husomwa kana kwamba mwandishi anatafuta ruhusa ya kuua zaidi. Idadi niliyopangiwa kwa msimu inanitosha, na mkipunguza mnyama mmoja sitalalamika. Ninachotaka ni kwamba yule mnyama niliyekwisha kumuua aliwe.

Hapo ndipo tunapopishana. Kijitabu chenu cha kanuni nimekisoma mpaka kurasa zimelegea. Kinaeleza nani awinde, lini, wapi, kwa silaha gani, dume au jike, wangapi. Mnyama akishaanguka, maelezo yanakatika, na yanaanza tena kwenye meza ya kituo cha ukaguzi. Katikati hapo kuna saa kadhaa, na ndizo zinazoamua kama kile kilichobebwa mabegani ni kitoweo au mzoga.

Nayaeleza malalamiko yangu kwa namba, kama nilivyofanya katika zile barua tatu.

1. Kituo kinachotaka mnyama mzima

Kanuni yenu inasema mnyama asitumbuliwe mpaka afisa amwone, ampime na amwandike. Naelewa ilikotoka. Kuna watu walikuwa wakipiga jike, wanaondoa ushahidi porini, kisha wanaleta mapaja na kudai lilikuwa dume.

Msimu uliopita nilipiga kulungu dume muda mfupi baada ya jua kuchomoza. Risasi moja, nyuma ya bega, hakwenda hatua kumi. Saa mbili asubuhi nilikuwa kituoni. Mlango umefungwa, na karatasi imebandikwa kwamba afisa atarudi baada ya muda mfupi. Nikamlaza mnyama kivulini, nikamfunika majani, nikakaa. Muda mfupi ule ulikwisha saa saba na nusu mchana. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, na safari hii matumbo yalikuwa ya kulungu.

Mnaokaa ofisini huenda hamjawahi kuona kinachotokea, kwa hiyo nitaeleza. Mnyama anayecheua ana tumbo kubwa lenye mabilioni ya vijidudu vinavyochachusha majani. Mnyama akifa, vijidudu havifi naye. Vinaendelea kuchachusha, vinatoa gesi na joto. Mwili ulikuwa na joto la nyuzi 38 au 39 tangu akiwa hai, ngozi na manyoya yake ni blanketi, na sasa damu haizunguki tena kulipunguza. Joto linabaki ndani kabisa, kwenye mfupa wa nyonga na paja ambako nyama ni nene. Kwa hiyo nyama ya windo huanza kuharibika mfupani huku nje bado inang'aa.

Kituo kilipofunguliwa, nilipomchoma kisu, hewa ilitoka kwa mluzi. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Mbavu, mabega na shingo vilikuwa salama. Kisha nikafungua kiungo cha paja la kulia. Nyama iliyozunguka ule mpira mweupe wa mfupa ilikuwa imegeuka kijivu chenye ukijani, inateleza kwenye vidole, na harufu yake ilikuwa tamu kidogo, utamu ule unaofanya mtu arudishe uso nyuma. Paja la kushoto, vilevile. Yote mawili nikayafukia. Yule alikuwa mnyama mwenye afya, aliyepigwa vizuri, kwa leseni halali, ndani ya msimu, na karibu nusu ya nyama yake nzuri iliingia shimoni kwa sababu mwenyewe nilifuata sheria.

Kwenye daftari lenu ameandikwa: dume, mmoja, amekaguliwa. Hakuna safu inayouliza kiasi gani kiliharibika. Wakubwa wenu wakisoma daftari lile wataona kazi imefanyika vizuri sana.

Na msifikiri hakuna njia nyingine. Alaska, Marekani, pale inaporuhusiwa kupiga jinsia moja tu, mwindaji huruhusiwa kutumbua na kukatakata palepale, mradi kiungo kinachoonyesha jinsia kibaki kimeshikamana na sehemu ya nyama mpaka ifike mwisho wa safari. Sheria yao inakwenda mbali zaidi: kuiacha porini nyama inayolika ya mnyama kama yule mkubwa mwenye pembe wa kaskazini waitaye moose ni kosa la jinai, na pembe haziruhusiwi kutoka porini kabla ya nyama. Kwetu mambo ni kinyume. Anayeleta kichwa na pembe haulizwi nyama iko wapi, ila anayeitumbua nyama ili isioze anatozwa faini.

2. Risasi ndani ya sahani

Lugha yetu ililijua hili zamani. Risasi ni jina la madini, na ni jina la kitu kinachotoka kwenye mtutu. Tumelizoea neno hilo hata tumesahau kwamba ni kitu kimoja, na kwamba kile tunachokikataa kwenye rangi za nyumba na kwenye petroli tunakipenyeza kwenye nyama kwa mkono wetu.

Mwaka juzi nilimpelekea jirani ndege wawili wa majini niliowapiga kwa marisau, zile punje ndogo za bunduki. Jioni mwanawe mdogo alikuja mlangoni kwangu, kiganja kimekunjwa. Akakifungua: punje nyeusi, ndogo kuliko pilipili manga, imebonyea upande mmoja. "Mama amesema hii ni yako," akaniambia. Alikuwa ameing'ata. Alicheka, na mimi nikacheka, maana ndivyo tulivyozoea. Marisau kwenye nyama ya ndege ni kama mfupa kwenye samaki, unatema unaendelea. Nilipofunga mlango sikucheka tena. Hiyo ni ile aliyoing'ata. Nilikuwa nawaza zile ambazo hakuzing'ata.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwenye ubongo unaokua. Risasi ya bunduki kubwa ni mbaya kwa namna yake: ikigonga mnyama kwa kasi hupasuka na kumwaga vumbi la madini mbali na tundu linaloonekana, chembe ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona wala jino kuzihisi. Mwaka 2008, katika jimbo la North Dakota nchini Marekani, nyama ya windo iliyotolewa kwa ajili ya watu wasio na uwezo ilipigwa picha za eksirei, chembe zikaonekana, na maafisa wa afya wakashauri itupwe. Tena wengi wetu huiloweka nyama ya porini kwenye siki au ndimu kuondoa harufu, na tindikali huyeyusha risasi ikaingia kwenye mchuzi. Hayo hayamo kwenye kijitabu chenu, ambacho kina kurasa mbili nzima kuhusu rangi ya kizibao anachopaswa kuvaa mwindaji.

Upande wa uhifadhi, ambao ndio kazi yenu hasa, mnajua kuliko mimi. Bata humeza punje zilizozama kwenye tope akidhani ni vijiwe vya kusagia chakula kwenye firigisi. Tai na tumbusi hula matumbo tunayoacha porini na kumeza vumbi lile lile. Kondori wa Kalifonia, ndege aliyebaki kidogo tu atoweke kabisa, anaendelea kuuawa na sumu hiyo. Ndiyo maana Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi kwa ndege wa majini mwaka 1991, Denmaki ikayapiga marufuku marisau hayo moja kwa moja mwaka 1996, jimbo la California likakataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, na Umoja wa Ulaya ukayazuia marisau yake kwenye ardhi oevu kuanzia Februari 2023. Wawindaji wa Denmaki hawakuacha kuwinda. Walibadilisha wanachopakia.

3. Kipimo cha samaki kinachotazama chini tu

Kanuni yenu ya uvuvi ina rula yenye upande mmoja. Samaki mfupi kuliko kipimo arudishwe, aliyezidi achukuliwe, na kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo mvuvi anavyopigwa picha na kupongezwa. Hata ninyi mnatoa zawadi kwa samaki mkubwa wa msimu. Nimewahi kuipata, kwa hiyo sijitoi.

Samaki mkubwa, kwa aina nyingi, ndiye mama wa wengi. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walikokotoa kwamba chewa mmoja jike wa Atlantiki (yule Waingereza wamwitaye cod) mwenye kilo 30 hutaga mayai mengi kuliko majike 28 wa kilo mbili mbili. Hebu pigeni hesabu: wale 28 wana jumla ya kilo 56. Tunapowavua wakubwa na kuwaacha wadogo, tunachinja kuku anayetaga na kubaki na vifaranga tukisema tumehifadhi. Mahali pengine huweka vipimo viwili, cha chini na cha juu, na mvuvi huchukua wa katikati. Na wa katikati, kwa uzoefu wangu wa sufuria, ndiye mtamu. Lile jitu lililonipa zawadi lilikuwa na nyama ngumu, na sehemu kubwa ilikwenda kwa paka.

Jambo la pili la kipimo linanikera zaidi kwa sababu hulifanya kwa mkono wangu. Mwezi uliopita nilivuta samaki aliyepungua kipimo kwa upana wa kidole. Alikuwa amemeza ndoana mpaka tumboni, damu inatoka kwenye matamvua. Nilijua hataishi. Sheria ikanitaka nimrudishe. Nikakata uzi, nikamweka majini kwa mikono miwili kama anayelaza mtoto. Akageuka, tumbo juu, akaelea. Ndege alimchukua kabla sijatia chambo kingine.

Kwenye bahari kuu hadithi hii ina tarakimu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba uvuvi wa baharini ulitupa tani milioni 9.1 za viumbe kwa mwaka, kwa wastani wa miaka ya 2010 hadi 2014, yaani takriban asilimia 11 ya kilichovuliwa. Wanorwei walianza kukataza kutupa chewa mwaka 1987: kilichovuliwa kinaletwa nchi kavu na kinahesabiwa. Sisemi tuige kila kitu. Nasema samaki anayekufa ahesabiwe kuwa amekufa, na aliyekufa aliwe au angalau aandikwe. Mkiogopa kwamba wavuvi watawavua wadogo makusudi, basi anayemchukua aliyejeruhiwa ahesabiwe kwenye idadi yake ya siku. Na tulazimisheni ndoana za mviringo, ambazo hunasa kwenye kona ya mdomo badala ya tumboni. Hilo peke yake lingeniondolea nusu ya mazishi yale.

4. Msituni, bango moja

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu kanuni yenyewe ni fupi. Kwenye lango la msitu kuna bango: NI MARUFUKU KUCHUMA AU KUOKOTA CHOCHOTE. Watu wanachuma. Wamekuwa wakichuma tangu kabla ya bango, na mlinzi wa lango naye anachuma, nimemwona, tukasalimiana. Marufuku ambayo kila mtu anaivunja kimyakimya haihifadhi uyoga wala haimlindi anayeula.

Na kuna wa kulindwa. Uyoga uitwao Amanita phalloides ukipikwa sumu yake haiondoki, ukikaushwa haiondoki, na waliowahi kuula wakapona husimulia kwamba ladha yake ni nzuri. Mtu huanza kutapika na kuharisha saa sita au zaidi baada ya kula, mara nyingi usiku. Kisha hupata nafuu. Nafuu ile ndiyo inayoua, kwa sababu mgonjwa hurudi nyumbani akiamini yamekwisha huku ini linaharibika. Mtu mmoja akiyajua maneno hayo matatu, kuchelewa, nafuu, ini, anaweza kuwahi hospitali siku inayohusika. Bango lenu lina nafasi ya kutosha kuyaandika. Uswisi wana wakaguzi wa uyoga waliofunzwa, ambao mwokotaji huwapelekea kikapu chake wakitazame kabla hajawasha moto. Siombi makubwa hayo. Naomba mtu mmoja anayejua, siku moja kwa wiki, msimu wa mvua, akae kwenye kibanda ambacho tayari mnacho.

5. Fomu

Kila mwisho wa msimu tunajaza fomu: wangapi, wapi, siku ngapi porini bila kupata kitu. Nimejaza kwa miaka kumi na moja. Sijawahi kuona jumla yake. Tukiuliza kwa nini idadi ya msimu imepanda au imeshuka, tunaambiwa ni uamuzi wa kitaalamu. Taaluma ile imetokana na fomu zetu. Pwani ya Newfoundland, Kanada, wavuvi wadogo walikuwa wakilalamika kwamba chewa wanapungua huku hesabu za ofisi zikionyesha mambo ni shwari. Julai 1992 uvuvi ukafungwa, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Kosa lile la kumwona mwenye mshipi kama mlalamishi tu lisirudiwe kwetu, hata kwa msimu mmoja.

Majibu ninayoyatarajia

Nimekaa na maafisa wenu wa ngazi ya chini mara nyingi, ni watu wema, na nawajua wanachojibu. Nitawapunguzia kazi.

Mtasema: tukiruhusu kutumbua porini tutafungua mlango wa udanganyifu. Udanganyifu upo sasa hivi, na anayedanganya hapiti kituoni kabisa. Anayeumia na kanuni hii ni yule anayepita. Kiungo cha jinsia kibaki kwenye nyama, lebo yenye namba ya leseni ifungwe palepale, picha ipigwe kabla ya kisu. Simu zenye kamera zimejaa mifukoni mwetu.

Mtasema: risasi za shaba na marisau ya chuma ni ghali na hazipatikani madukani. Ni kweli kwa sasa. Muuza duka haagizi kisichoulizwa, na hakitaulizwa mpaka kanuni iseme tarehe. California ilipitisha sheria mwaka 2013 na ikaikamilisha 2019. Tupeni miaka hiyo hiyo, ila anzeni kuhesabu leo. Na ndege wa majini wasisubiri.

Mtasema: usalama wa chakula si kazi yetu, ni ya watu wa afya. Jibu hili nimelipata ana kwa ana, nikaenda kwa watu wa afya, wakaniambia nyama ya porini ni ya kwenu. Wakati mnarushiana mpira, mwindaji mpya anatoka na leseni yake hajui kwamba nyama ya dubu au nguruwe mwitu inaweza kuwa na minyoo ya trikinela, na kwamba baadhi ya aina za mnyoo huyo hazifi hata zikigandishwa, kwa hiyo ni kupika mpaka ndani kabisa pafike nyuzi 71. Hajui kwamba samaki wa jamii ya jodari akiachwa juani hutengeneza histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na histamini haiondolewi na moto wa aina yoyote. Barafu ndiyo dawa, tena mapema. Hajui kwamba anayetaka kula samaki wa baharini mbichi anapaswa kumgandisha kwanza, na kanuni ya Ulaya inataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24. Hayo yote yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Leseni inatolewa na ninyi, ukurasa ubandikwe nyuma ya leseni.

Na kuna jibu ambalo halisemwi kwa sauti, ila nimelisikia likinong'onwa: watu wakifundishwa kupika windo vizuri, hamu itapanda na wanyama watakwisha. Hili linanigusa kwa sababu napenda kupika. Tazameni anayewinda bila kujua kupika. Anakata sarara na mapaja, anaacha shingo, miguu, mbavu, moyo, ulimi. Sarara anaikaanga mpaka inakuwa kandambili, kwa sababu nyama ya porini haina mafuta na hakuna aliyemwambia aitoe mapema. Familia inakataa kula. Wiki mbili baadaye anarudi porini. Mimi shingo ya kulungu naiweka kwenye moto mdogo saa nne, na mfuniko umekaza, maji kidogo; ile mishipa iliyokuwa kama kamba inayeyuka na kuwa uji unaonata kwenye midomo. Shingo moja inalisha watu sita. Miguu ya mbele kesho yake. Mifupa mchuzi. Mnyama mmoja akinikalisha miezi mitatu, sina sababu ya kuwafuata wenzake.

Ninachoomba

Kabla msimu ujao haujafunguliwa: ruhusuni kutumbua na kupoza nyama porini kwa masharti niliyoyataja, au wekeni afisa kituoni tangu alfajiri. Moja kati ya hayo mawili. Kukaa na kanuni pamoja na mlango uliofungwa hakuwezekani.

Ndani ya mwaka mmoja: tarehe ya mwisho ya marisau ya risasi kwenye maziwa, mito na mabwawa, na ratiba iliyoandikwa ya kuondoa risasi za madini hayo kwingine. Kipimo cha juu kwa samaki wale ambao wataalamu wenu wenyewe wanajua kuwa majike wakubwa ndio wanaobeba uzazi. Ile zawadi ya samaki mkubwa ifutwe. Yangu niko tayari kuirudisha, ni kikombe cha bati.

Bango la msituni libadilishwe maneno. Ukurasa wa nyuma ya leseni uandikwe. Jumla za fomu zetu zitangazwe kila mwaka, hata kama ni kwenye ubao wa kituo. Na anayeiacha nyama porini makusudi apewe adhabu nzito kuliko anayetumbua mapema.

Kama kuna ombi hapa lisilowezekana, nijibuni kwa maandishi mseme kwa nini. Nitalisoma jibu lenu kwa heshima ile ile, na likinishawishi nitalitangaza hadharani kama nilivyotangaza barua hii.

Fomu yangu ya msimu uliokwisha nimeiambatanisha. Imejazwa yote. Pembeni, baada ya safu ya "jinsia" na "mahali", nimechora kwa rula safu moja ambayo haikuwapo, nikaiita "nyama iliyoliwa". Kwenye mstari wa yule kulungu nimeandika: nusu.

Wenu mtiifu,

Mwindaji na mvuvi mwenye leseni